Nani Aliyepanga Duka Hili?

Leo naomba tuzungumze juu ya kazi ambayo macho yetu huiona kila siku, na mwenye kuifanya hatumjui: kazi ya kupanga bidhaa dukani.

Minada ya korosho ikishaanza mwezi Oktoba, fedha huteremka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi kuja Mtwara mjini. Wakulima waliouza kupitia vyama vyao vya msingi, vilivyo chini ya TANECU na MAMCU, huja na familia zao kutafuta mabati, magodoro, sare za shule, vitenge. Wenye maduka hujiandaa mapema. Malori hupakia Dar es Salaam, huvuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, na stoo za mjini hufurika. Pita jirani na Soko Kuu siku hizo. Utakuta fremu tatu zimefuatana, vitenge ni vya aina ile ile, bei zinapishana kidogo tu, lakini moja ina watu hadi kibarazani na katika zile mbili wauzaji wamekaa wanachezea simu.

Watu husema mwenye duka lile ana nyota. Wengine hushusha sauti na kusema ana dawa. Mimi huuliza jambo jingine: duka hili kalipanga nani, na huyo aliyelipanga huongea na nani?

Jibu ni refu, kwa sababu duka halipangwi na mtu mmoja hata kama mkono unaoonekana ni mmoja. Chukueni duka la kanga na vitenge. Yuko tajiri, anayeamua mzigo gani uagizwe na kwa mtaji upi. Yuko kijana wa stoo, anayejua marobota mangapi yamebaki na yapi yamekaa chini kabisa na kuanza kunuka unyevu, maana hewa ya pwani yetu haina huruma na pamba. Yuko anayepanga: ndiye hutundika vitenge mlangoni, hukunja kanga doti kwa doti, huvalisha midoli. Wako wauzaji, mara nyingi akina dada, ambao masikio yao ndiyo hupokea maneno ya mteja. Yuko keshia. Na yuko mama anayefagia asubuhi. Huyu kwa kazi yake ndiye wa kwanza kuona kitambaa kilichopauka kwa jua na rafu iliyolegea misumari, na sijui ni maduka mangapi humuuliza ameona nini.

Sasa tazameni jambo dogo. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mpangaji asiyeijua biashara huikunja kwa kufuata rangi: nyekundu pamoja, bluu pamoja, na jina likajificha ndani ya mkunjo. Kwa macho inapendeza. Lakini mnunuzi wa kanga husoma kabla hajagusa. Anayemtafutia mkwewe zawadi hatachukua jina la mafumbo, na anayetaka kumjibu jirani hatachukua jina la dua. Jina likiwa ndani, muuzaji inambidi afungue doti kumi ili auze moja. Akimaliza, rafu imevurugika. Mpangaji anarudi kukunja upya huku ananung'unika kwamba akina dada hawana adabu na kazi yake. Akina dada nao wanasema mpangaji anawachelewesha. Tajiri anasikia kelele, anawagombeza wote.

Mkosaji ni nani hapo? Kila mmoja ametimiza alichotumwa. Walichokosa ni kusimama pamoja mbele ya rafu ile na kukubaliana jina likae nje. Muuzaji ndiye ajuaye kwamba mteja husoma. Mpangaji ndiye ajuaye namna ya kukunja ili jina lisomeke bila kanga kufunguliwa. Ujuzi unaohitajika upo dukani tayari, ila umegawanyika katika vichwa viwili visivyoongea.

Mfano mwingine ni wa likizo za shule, familia zinapoandaa unyago na jando. Wanawake huja kwa makundi kutafuta sare, doti ishirini au thelathini za aina moja. Maulizo huanza wiki kadhaa kabla ya manunuzi: mmoja anapita kuuliza bei, mwingine anapiga picha, wa tatu anauliza kama zipo nyingi. Anayeyasikia hayo ni dada wa mbele. Anayejua idadi ni kijana wa stoo. Anayeweza kuitoa kanga ile ndani na kuitundika mlangoni ni mpangaji. Habari isipotembea kati ya watu hao watatu, kundi litakuja Jumamosi na kukuta doti saba. Wataondoka wote kwa pamoja, kwa sababu sare haigawanyiki. Na wateja wanaovuka mto pale Kilambo kutoka Palma, upande wa Msumbiji, wengi wao ni Wamakonde kama wenyeji wao wa upande huu. Dada anayeijua lugha yao akikaa karibu na mlango, atasikia maulizo ambayo mwenzake aliyekaa ndani hatayasikia kamwe. Mahali anaposimama muuzaji nako ni sehemu ya mpangilio wa duka.

Kuna ugomvi mmoja ambao karibu kila duka unao, nao ni kati ya tajiri na mpangaji juu ya mzigo uliolala. Tajiri anataka kitenge kisichotoka kitundikwe mlangoni kipate kuonekana. Mpangaji anataka mlangoni pakae kilichoingia jana. Hoja ya tajiri ina uzito, fedha yake imelala pale. Hata hivyo, mimi nasimama na mpangaji. Mlango unamwambia mpita njia kwamba ndani kuna nini, na ukimwonyesha alichokikataa mwezi uliopita, hataingia. Mzigo uliolala upewe meza yake ndani, bei iandikwe kwa maandishi makubwa, na aliyekwisha kuingia ataufikia. Na kisitundikwe mlangoni kitu ambacho kijana wa stoo hajathibitisha kwamba kipo cha kutosha. Mteja aliyeitwa na kitenge kisha akaambiwa kimekwisha huondoka na uchungu wa kudanganywa, ingawa hakuna aliyekusudia kumdanganya.

Nani basi ana haki ya kubadilisha kilichopangwa? Swali hili liliwahi kuvunja kioo huko New York. Mwezi Machi 1939, duka la mavazi la Bonwit Teller lilimwajiri mchoraji wa Kihispania Salvador Dalí apambe madirisha yake mawili, moja la mchana na jingine la usiku. Aliweka midoli ya zamani iliyojaa vumbi, na beseni la kuogea lililofunikwa ndani kwa ngozi ya kondoo mweusi na kujazwa maji. Wapita njia wakalalamika. Wafanyakazi wa duka wakaingia dirishani wakabadilisha baadhi ya vitu, bila kumwambia. Dalí aliporudi alasiri akakuta kazi yake imegeuzwa, akaingia dirishani kwa hasira, akalisukuma lile beseni, likapasua kioo na kutoka hadi barabarani, naye nyuma yake. Polisi wakamkamata.

Dunia hukikumbuka kisa hiki kwa sababu ya umaarufu wa Dalí. Mimi hukikumbuka kwa sababu ya wale wafanyakazi. Walikuwa na malalamiko ya kweli mkononi, wateja wao walikuwa wamechukizwa, na walifanya walichoona ni sahihi. Ila hakuna aliyekuwa amepanga mapema nani aamue pambo likizua ugomvi, na nani apelekewe habari. Marekani ile ilikuwa na majarida ya fani hii tangu 1897, mwaka ambao L. Frank Baum, baadaye mtunzi mashuhuri wa hadithi za watoto, alianzisha jarida la wapambaji wa madirisha ya maduka. Ufundi walikuwa nao. Siku ile kilichokosekana ni makubaliano ya kazi.

Turudi nyumbani, kwenye korosho. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wazee, lakini korosho nzuri ya Mtwara hailiungi mkono neno hili. Sehemu kubwa ya zao letu bado huondoka nchini ikiwa ghafi, na ile kidogo inayobanguliwa hapa, na wanawake wengi wakiwa ndio wabanguaji, hupitia mikono mingi kabla haijafika dukani. Kuna wanaopasua ganda, wanaomenya ngozi ya ndani, wanaochambua madaraja. Korosho nzima nyeupe hutajwa kwa namba: 180, 240, 320. Namba hiyo ni idadi ya juu ya punje zinazojaza ratili moja, hivyo namba ikipungua punje huwa kubwa zaidi. Kisha nusu, kisha vipande. Kuchambua huko ni kazi ya jicho, na jicho hilo limefunzwa kwa muda mrefu.

Halafu pakiti inafika dukani. Inawekwa kwenye kabati la vioo linalotazama jua la alasiri, kwa sababu nafasi ilikuwa wazi. Korosho iliyo tayari kuuzwa haitakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 5. Pakiti yenye tundu dogo, katika hewa yetu ya bahari, hulainika upesi, na jua likizidi, mafuta yake huanza kuchacha. Pakiti mpya zikija, zinapangwa mbele ya zile za zamani, kwa kuwa mbele ndiko mkono unakofika haraka. Za nyuma zinazeeka. Mteja mgeni anayenunua moja ya zile za nyuma anasema korosho ya Mtwara si kitu. Jasho la wabanguaji wale wote linahukumiwa kwa kosa la rafu.

Katika maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi jambo hili lina mwenyewe. Viwanda vikubwa hupeleka watu wao, mamechandaiza, wanaopita duka hadi duka kupanga bidhaa ya kampuni yao, kuleta ya zamani mbele, kutazama tarehe, kufuta vumbi. Mshahara unatoka kiwandani, kazi inafanyika dukani, na ndiyo maana sabuni ya kampuni kubwa hukaa usawa wa macho huku korosho ya kikundi cha akina mama ikikaa chini kwenye vidole vya miguu. Kikundi kile pengine kimefanya yote yaliyotakiwa: kimepata mafunzo ya SIDO, kimepata alama ya ubora ya TBS, pakiti ina barkodi inayoanza na 620 kuonyesha imesajiliwa Tanzania. Kilichokosa ni mtu wa kupita dukani. Sioni sababu ya vikundi vitano au sita vya Mtwara kutochanga na kumlipa kijana mmoja mwenye baiskeli awapitie maduka yote ya Chikongola, Shangani na Ligula kila wiki, apange za wote. Wanashindana kwa ladha na bei. Kwa rafu wanaweza kushirikiana.

Nadhani unyonge huu wa kazi ya kupanga una historia. Mwaka 1967 biashara ya jumla ilitaifishwa, likaundwa shirika moja la taifa, na mwaka 1973 likagawanywa kuwa makampuni ya biashara ya mikoa, yale tuliyoyaita RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakatakiwa yafungwe yapishe ya ushirika na ya kijiji. Haikudumu, lakini uhaba wa miaka iliyofuata mnaukumbuka mliokuwepo. Sukari, sabuni, kanga, vyote kwa mgawo. Katika hali hiyo muuzaji aligeuka mgawaji, na mgawaji hahitaji kupanga kitu: bidhaa ikifika, foleni imekwishajipanga. Watu wakakua wakiajiriwa madukani bila kuona rafu ikifanyiwa kazi yoyote. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, maduka yakaanza kujaa tena, ila ujuzi haukuja na mzigo.

Walioufufua, kwa maoni yangu, ni wauza mitumba, na sifa hiyo hawajapewa. Belo likifunguliwa, tazama watu wanaolizunguka. Mmoja anachambua: za kutundika huku, za kumwaga chini kule. Fundi cherehani anarudisha vifungo. Mpiga pasi na pasi yake ya mkaa analinyoosha shati mpaka linasimama. Mwingine anatundika, na anajua shati jeupe likae wapi ili lionekane toka mbali. Mwingine anaita wateja kwa sauti. Kila mtu anajua zamu yake inaanza pale ya mwenzake inapoishia, na jioni wanalipana kwa kazi iliyofanyika. Feri nako, samaki wakishuka, dalali, mparuaji, mwenye barafu na mpanga meza huenda hivyo hivyo. Hakuna ofisi hapo, lakini kila kazi ina jina na ina ujira wake.

Dukani mambo ni tofauti, na hapa ndipo ninapoumia. Dada wa duka huajiriwa "auze". Akishaingia, anauza, anapanga, anafagia, anahesabu, anachemsha chai ya tajiri, na duka likifungwa saa mbili usiku anabaki kupanga mzigo uliofika jioni, kwa kuwa mchana wateja walikuwepo. Kesho yake anapanda kiti cha plastiki kutundika midoli juu. Bidhaa ikiisha muda wake rafuni, anakatwa mshahara, ingawa hakuna siku aliyoambiwa kwamba tarehe ni jukumu lake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeyasemea mambo haya. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi taarifa za ajira yake, na miongoni mwa taarifa hizo ni maelezo ya kazi yenyewe, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na zisizidi 9 kwa siku. Kupanga mzigo usiku baada ya hapo ni saa za ziada, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Makato ya hasara nayo yana masharti. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo, aelezwe kwa maandishi kiasi na jinsi kilivyohesabiwa, apewe nafasi ya kujibu, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Wafanyakazi wa biashara wanacho chama chao pia, TUICO.

Nasoma vifungu hivi kwa sababu ushirikiano kazini haujengwi kwa kuwaambia watu wapendane. Mtu hushirikiana vizuri anapojua mpaka wa kazi yake. Mpangaji akijua kwa maandishi kwamba yeye ndiye mwenye rafu, atakubali kumsikiliza muuzaji, maana hatanyang'anywa kitu kwa kusikiliza. Muuzaji akijua tarehe ni za kijana wa stoo, atamkumbusha bila hofu ya kubebeshwa mzigo huo. Mipaka isiyojulikana huzaa kukaa kimya, kwa sababu anayesema ndiye anayeambiwa, "Basi fanya wewe."

Nawajua wenye maduka wanaofanya mambo mawili rahisi, na nimeona yanafaa. La kwanza ni dakika kumi kabla ya kufungua. Wote wanasimama mbele ya duka, upande wa nje, alipo mteja, na kila mmoja anasema anachokiona, akiwemo mama wa kufagia. La pili ni daftari kwenye kaunta. Kila kinachoulizwa na hakipo, au kipo lakini mteja hakukiona, kinaandikwa. Jumamosi mpangaji na kijana wa stoo wanalisoma pamoja na tajiri. Sehemu ile ya pili, kilichokuwepo na hakikuonekana, ndiyo kipimo cha kweli cha mpangilio wa duka, kuliko sifa za wageni. Wengine hupiga picha rafu kwa simu kila Jumatatu ili wajue mwezi uliopita mauzo yalipokuwa mazuri palikuwa pamekaa nini. Ni jambo jema na halina gharama.

Najua wapo wanaonisikiliza na kusema, duka langu ni dogo, niko mimi na mpwa wangu aliyetoka Nanyamba, mambo ya majukumu ni ya makampuni. Ndugu yangu, ninyi wawili mna kazi zile zile sita, ila zimelala juu ya watu wawili, na mmoja wenu hajui zipi ni zake. Undugu haumwondolei mpwa wako haki ya kulipwa wala ya kuambiwa kazi yake ni ipi. Ketini leo jioni, andikeni karatasi moja kwa Kiswahili: nani anaagiza, nani anatunza stoo, nani anapanga, nani anatazama tarehe, nani anashika fedha, saa ngapi anaingia na kutoka, na analipwa nini. Tieni sahihi wote wawili, na nakala moja akae nayo yeye.